Mizani ya Karafuu

Kazi yangu kupima. Gunia hupanda sahani,
mshale hutikisika, hutulia, naandika.
Miaka kumi na minne kituoni hapa Wete
sijamdhulumu mtu hata kibaba.

Karafuu mbichi naijua kwa mkono: nzito, baridi, ya kujidai.
Siku chache za jua juu ya jamvi, maji yote kwisha.
Ikishakauka haidai tena kilichokuwa chake,
ila mwenye hila aende usiku na kopo.

Mimi si karafuu.
Mwaka juzi nilikauka kilo kumi na moja.
Niliacha kaimati, niliacha boflo la chai,
alfajiri nikipanda kilima cha Limbani, buibui linanishika miguu.
Wifi yangu Chumu akanibania gauni kiunoni.
Harusini wakasema: Bi Mgeni kawa mwari.

Msimu uliofuata kilo zilirudi zote,
na nyengine zikafuatana nazo, kama watoto waliosikia harufu ya pilau.
Wakasema hana haya. Wakasema ule mdomo haupumziki.
Na mimi nikasema nao.

Nesi Salha, kliniki ya sukari, hakuniambia "punguza".
Aligeuza kadi yangu, akachora tumbo:
mfuko uliolalia ubavu.
"Hapa juu hutoka homoni ya njaa.
Tumbo likiwa tupu, hupanda na damu, ikabisha hodi ubongoni.
Huku chini, utumbo ukipata chakula,
hutoka nyengine za kusema basi, yatosha.
Ila barua hiyo ina mwendo: robo saa, na zaidi.
Wewe ushapakua mara ya pili, haijafunguliwa."

Kalamu ikazunguka kiuno cha mchoro.
"Na mafuta nayo yana mjumbe wake.
Yakipungua, mjumbe hupunguza sauti,
kichwa kikadhani nchi imeingia njaa.
Kikaamrisha: tafuta, pika, weka akiba.
Na yule wa juu huzidi kubisha,
mwaka mzima baadaye bado yuko mlangoni."

"Kwa hivyo si uroho?"

Alifunika kalamu.
"Bi Mgeni, ushawahi kushindana na kiu?"

Sikulia pale. Nililia nyumbani nikimenya muhogo,
na muhogo si kitunguu,
sikuwa na cha kusingizia.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa:
twasema hivyo tukimkusudia jirani.
Mimi ninao wote wawili, kanzu moja.
Yupo wa saa mbili usiku, aliyekula akashiba,
anayeapa kuwa kesho hataonja kitu.
Yupo wa saa kumi jioni, anayefungua mkebe wa visheti
polepole, bati lisilie.
Hawajapata kuonana.
Kila mmoja humwona mwenziwe mwongo.

Mwezi wa Ramadhani huwatazama vizuri zaidi.
Siku za mwanzo, saa saba juu ya alama, tumbo lalia
kama mtoto asiyejua kuwa skuli imefungwa.
Kufika kumi la kati limeshahama,
lasubiri adhana na watu wengine.
Basi lafundishika. Kidogo.

Siku hizi nafuturu tende, nakunywa uji,
nasali Magharibi, nakaa, naingoja barua.
Kuna siku hufika.
Kuna siku kaimati za Chumu hutangulia,
na mimi si wa kuzirudisha.
Kilo tatu zimeondoka. Sikumwambia mtu;
nazijua tabia zake.

Jana kaja Hamad wa Kiuyu na magunia mawili.
Nilitia mkono: majimaji, hata kucha zilirowa.
Zamani ningepaza sauti, foleni nzima ikasikia,
akatoka pale kainamisha kichwa.
Nilijifuta kwa khanga.
"Ianike tena," nikamwambia, taratibu, "siku mbili."
Sikumwuliza nani kaimwagia maji usiku.